Kigeuza Umeme cha Mpui

Kizwite,
Sumbawanga.
9 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Sauda,

Shikamoo. Hali yako vipi, na magoti yanaendeleaje na joto la huko Tanga? Huku baridi imekaza. Baba anafungua duka amejifunga blanketi. Sote wazima, alhamdulillahi.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Unataka nikamwombe msamaha bosi wangu, Bwana Flavian. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize.

Shangazi, siendi.

Wafadhili walitoa mtambo wa umeme wa haidrojeni kwa zahanati moja kule Mpui, uendeshe pampu ya maji. Kazi yetu, mimi na Flavian, ilikuwa kuufunga tu. Sasa, seli za haidrojeni, zinazozalisha huo umeme, hutoa volti ndogo, tena ukizikamua ghafla volti inaporomoka. Lazima katikati pawe na kigeuza umeme, kiipandishe na kuituliza. Flavian akanunua cha bei poa. Kilichemka kama jiko, umeme mwingi ukapotelea kwenye joto, na kila pampu ilipotaka kuanza, mtambo ulizima. Wajawazito wakaendelea kuja kujifungua na ndoo zao za maji.

"Andika kwenye ripoti kwamba seli ndizo mbovu, tuziondoe," akaniambia.

"Seli ni nzima. Kibovu ni hicho ulichonunua."

"Husna, nani injinia mkuu hapa?"

Sikuandika. Akanifukuza kazi.

Basi nikasuka kigeuza changu stoo kwa baba, katikati ya magunia ya mahindi. Mzigo wa umeme niliugawa njia mbili zinazopokezana, isiwepo inayochemka, nikaweka na kapasita kubwa za kubeba mshtuko wa pampu inapoanza. Cha kwanza kililipuka. Baba alitoka mbio na kandambili moja, akasema nitamchomea mali. Nikasuka kingine.

Wiki iliyopita Kristiana, muuguzi wa zahanati, alinifungulia mlango, nikakifunga hicho kigeuza kwenye mtambo. Pampu ikanguruma, na haikuzima. Nikaweka kiganja juu ya kigeuza: vuguvugu tu. Maji yalipoanza kudondoka tangini nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Kesho yake Flavian akaja na lori kuchukua seli. Kristiana akamzuia mlangoni, mikono ina povu la sabuni.

"Maji yanatoka. Unachukua nini?"

Lori likarudi tupu.

Kazi sijarudishiwa. Baba anasema kiburi kimenizidi, nikae dukani nipime sukari. Sikai. Zahanati nyingine, upande wa Milepa, wameniita nikawatazamie mtambo wao, na Jumamosi nashuka huko. Kwa hiyo, shangazi yangu, usiniombee radhi kwa mtu yeyote. Sijamkosea mtu.

Nisalimie Sadick na Hamisa, waambie dada yao hajambo. Baba anakusalimu, japo kanuna. Mwenyezi Mungu akupe afya njema, na akupe moyo wa kusimama upande wangu.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye, asiyerudi nyuma,

Husna