Mtori Hautafunwi

Jumanne

Kumbe nilijisifu bure. Kifaa cha kusikia cha Babu Aloisi wa Kilema kimepandikizwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio, kwa hiyo maiki yake hunasa hata mtetemo wa taya. Wiki iliyopita, hapa kliniki, niliupunguza kwa kompyuta, nikampa mtori, ile supu laini ya ndizi, ajaribu. Akasema kumetulia. Nikarudi nyumbani naimba.

Leo wamerudi, yeye na mkewe. Baada ya shikamoo babu akaniambia, "Binti, mtori unatafunwa na nani? Nyumbani nimekula makande, nikasikia mashine ya kusaga."

Nilicheka, ingawa aibu ilinishika. Mimi mzaliwa wa Marangu, kusahau kwamba mtori hunywewa...

Bibi akasema siku hizi mzee akila huzima kifaa, na yeye mkewe hubaki akiongea na sahani. Hilo liliniuma. Nikaagiza makande. Babu akawa anatafuna, mimi napunguza mtetemo kidogo kidogo, nikihofia kufuta na sauti za watu.

Kwenye kijiko cha sita bibi akanong'ona, "Na hata mikono hajanawa."

"Nimenawa," akajibu babu, mdomo umejaa makande.