Maharage Niliyoyanywesha

Jumanne, 8 Agosti 1911
Ee Mungu wangu! Maharage yangu yameungua. Jana yalikuwa mabichi, yamenona, kila mpita njia hapa Kilole aliyasifu. Leo ukungu ulipoondoka, majani yana mabaka meupe na yanapukutika. Moshi wa boila mpya ya kiwanda cha mkonge? Lakini moshi umepita kwa jirani pia! Mwaija, yule mjane, hamwagilii kabisa. Na vimaharage vyake vyembamba vimesimama vizima, ng'ambo ya ua tu. Nimepigwa na butwaa.

Jumatano, 9 Agosti
Mume wangu Ernesti kaenda kwa jumbe. Anadai Mwaija kavuta mavuno yetu kwa dawa. Jumbe kaamua: Jumamosi Mwaija alambe shoka la moto. Asiye na hatia haungui ulimi, ati! Na sisi tumebatizwa!

Jioni Mwaija kapita. Nikamwamkia shikamoo mama. Marahaba mwanangu, akaitikia. Kisha akauliza: ulimi ukiungua, mtu aweza bado kusali?


Ijumaa, 11 Agosti
Sijui niandike vipi. Pale kwenye kichuguu, shambani kwangu mwenyewe, mfereji haufiki. Maharage ya pale yamedumaa, lakini Jumanne hayakuungua hata jani! Juzi niliyahurumia, nikamwagilia nusu, na jana tena. Leo alfajiri ukungu ulilala chini, moshi wa kiwanda ukalala nao, koo likawasha. Jua lilipopanda: nusu iliyokunywa imeungua. Nusu yenye kiu, nzima!
Ni moshi. Na yanayoumia ni yale niliyoyanywesha kwa mikono yangu hii!
Nimemwambia Ernesti. Kacheka. Maji ndiyo uhai, anasema, yataponzaje mmea? Halafu akauliza nani atakwenda kumshtaki Mdachi mwenye kiwanda.

Jumamosi, 12 Agosti
Moshi mwingine leo, si wa kiwanda. Unatoka uani kwa jumbe.
Nimeng'oa miche miwili ya kichuguuni, mmoja ulioungua na mmoja mzima, nimeifunga kwenye kanga nikamwonyeshe jumbe. Ernesti kaketi kizingitini, kanyoosha miguu. Nitamwaibisha, anasema. Nimemwambia nitairuka hiyo miguu.
Wanamwita Mwaija sasa — kwa jina la baba yake. Naye ameitika — naweka kalamu, naruka.