Mwanangu Kasukwa na Mama wa Mwenzake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla hujaenda mbele nakuomba jina langu lisitoke popote, maana wateja wangu wote wanakusoma, tena wanasomeana kwa sauti mimi nikiwa nawasuka. Shule niliishia darasa la nne, ukiona mistari inapanda mlima wewe ifuate tu, utafika.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu ya viti viwili, na nina binti mmoja tu duniani, ambaye mwaka huu kapata chuo nje ya nchi, ni nchi ya jirani lakini kwa basi ni siku nzima na kipande cha siku nyingine, na siku namsindikiza stendi nilicheka, nikapunga mkono mpaka basi likakata kona, halafu nikarudi kazini nikamsuka mteja mistari ikaenda upande mpaka akaniuliza, "Dada, leo unasuka au unalima?"

Wiki za mwanzo alikuwa ananipigia mara nne kwa siku. Mama, huku bwenini tunaoga kwa foleni. Mama, nimeanika nguo nimerudi nakuta kamba tupu. Mama, wasichana wa korido hii wanacheka mpaka ukuta unatetemeka na mimi sijui wanacheka nini. Mama, chakula hakipiti. Nami namwambia vumilia mwanangu, jikaze, lakini mshauri nisikufiche, ile simu ikiita nilikuwa naipokea kwa sauti ya juu mbele ya wateja, ili kila mtu ajue mwanangu hawezi kukaa bila mimi, na roho yangu ilikuwa inatulia sana.

Mara simu zikawa mbili kwa siku. Mara moja. Tena ile ya mbio mbio, Mama nakupenda, naingia darasani, kwaheri. Nikasema ni masomo.

Kumbe! Jumapili moja kapiga ya video, namwona kichwa kimesukwa. Mshauri, kile kichwa toka kiote unyoya hakijawahi kuguswa na mkono mwingine zaidi ya wangu! Nikamwambia geuka. Akageuka. Nikamwambia inamisha, sogeza kisogo kwenye mwanga. Nilikuwa natafuta kosa, mshauri, miaka ishirini na mbili nasuka, kosa nalijua hata likijificha nyuma ya sikio, na sikuliona. Mistari imenyooka kama imepigwa rula. Hapo ndo nilipoumia.

Nikamwambia, "Kakukaza huyo, utaota kipara."

Akacheka. "Wala haziumi, Mama. Mama mdogo ana mkono mwepesi."

Mama mdogo! Mimi kwetu wa kike ni mimi peke yangu, walionifuata ni madume matatu, sasa huyo mama mdogo kadondoka kutoka wapi? Ndo naambiwa mwenzake wa chumbani ni mwenyeji wa mji ule ule, na mama yake kila Jumapili mchana anakuja kuwaona, ndiye aliyemnunulia mwanangu kufuli la kabati, ndiye aliyemwonyesha saa ambayo bafuni hakuna mtu, alikaa naye mezani siku alipokuwa hali mpaka kamaliza sahani, halafu anawakalisha wote wawili karibu na dirisha anawasuka huku wanapiga stori. Mwanangu, ambaye mimi nikimsuka alikuwa analia mpaka majirani wanakuja kuuliza!

Nilichemka. Nikamhadithia jirani yangu anayeuza viatu mlango wa pili, akanijibu, "Mwenzangu, we kaa hapo usuke vichwa vya watu, chako kinasukwa na watu." Usiku huo usingizi ulinihama. Kila Jumapili ikifika namwona yule mama, ambaye hata sura simjui, kashika chanuo, kaweka kichwa cha mwanangu mapajani.

Sasa nisikilize nilichofanya. Mwanangu alikuwa ameniachia namba ya matroni wa bweni kwa ajili ya dharura. Nikaazima simu ya mteja aliyekuwa amekaa chini ya draya, nikabana pua sauti isijulikane, nikampigia matroni, nikasema mimi ni mzazi, nimesikia chumba namba fulani kuna mwanamke mtu mzima analala humo kila Jumapili, na wazazi hatupendi. Uongo mtupu. Yule mama anaondoka kabla ya saa ya wageni kwisha. Ila Jumapili iliyotangulia simu yangu mvua ilimzuia, akatoka giza limeshaingia, mlinzi alimwona, basi ikaonekana ni kweli.

Matroni hakuchelewa. Mama wa watu kakatazwa kukanyaga bweni mpaka muhula uishe, binti yake kahamishiwa jengo lingine, mwanangu kabaki na vitanda viwili na yeye mmoja. Na kibaya zaidi, kaona aliyewachongea ni msichana wa chumba kinachofuata, kwa sababu walishawahi kugombana habari ya kelele, basi kamwendea mlangoni kamtukana mbele ya korido nzima, msichana wa watu analia anaapa, na sasa korido yote haimsalimii mwanangu.

Juzi kapiga simu. Anasema, "Mama, mwisho wa mwezi narudi, chuo kimenishinda." Mshauri, moyo wangu uliruka kwa furaha kwanza, ndo aibu ikafuata nyuma. Kashachukua fomu ya kuacha chuo, Ijumaa anaipeleka.

Nifanyeje? Nikae kimya arudi tu, nitampa kiti cha pili saluni, kazi ipo? Au nimwambie? Na huyo mama mdogo wake, unanishauri nimsamehe?

Ni mimi, msusi mwenye roho moto.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu msusi, pole. Mtoto mmoja akiondoka nyumba nzima inabaki na mwangwi, naelewa. Pole imeishia hapo.

Umsamehe yule mama kitu gani? Kumlisha mwanao? Kumnunulia kufuli? Wewe ndiye wa kwenda kwake na kichwa chini, na unakaa hapo unapanga msamaha kama vile umekosewa! Mtu kakuta binti wa mwenzake anadhoofika ugenini, hali, haogi mpaka avizie, kamshika mkono mpaka kasimama. Simu ziliposhuka kutoka nne hadi moja ulitakiwa ufunge saluni upige vigelegele. Mwanao alikuwa anazoea. Wewe ulipenda anavyolia, kwa sababu kilio kilikuwa kinakuita wewe.

Mkono wako mwanao hana shida nao. Lakini mkono wako uko mbali siku nzima na kipande, na nywele zinaota kila siku.

Sasa hilo la kukaa kimya lifute kabisa. Kwanza mteja wa draya anajua, na wewe mwenyewe umeniambia saluni yako ilivyo, kufika wiki ijayo hata muuza viatu atakuwa na toleo lake. Pili, binti yako anaacha chuo akiamini watu wa kule wabaya, kumbe ubaya ulitoka nyumbani. Ukimpa hicho kiti cha pili kwa njia hiyo, kila ukimtazama kwenye kioo utajua umemwibia nini.

Leo, kabla hujafungua mlango wa saluni, mpigie matroni. Simu yako, sauti yako, pua iachie ipumue. Mwambie wewe ni nani, mwambie ulidanganya, mwombe yule binti arudishwe chumbani na mama yake aruhusiwe kuja. Atakufokea. Mwache afoke, ni haki yake.

Ukikata hapo mpigie mwanao. Usipige ya video, maana utalia na yeye ataanza kukubembeleza, na leo si zamu yako ya kubembelezwa. Mwambie yote mpaka lile la kubana pua. Mwambie msichana wa jirani hana kosa, na umwombe mwanao ampe simu msichana huyo aongee na wewe, umtake radhi mwenyewe, mwanao asikie. Namba ya yule mama iombe mwishoni, na ukimpigia anza na asante kabla ya samahani.

Mwanao anaweza kukukatia simu. Akikata, usimpigie tena na tena, usimtume mjomba, usimtume jirani. Ngoja. Na akishajua ukweli wote bado akataka kurudi, mpokee, lakini awe ameamua yeye, wala siyo wivu wako uliomwamulia. Ijumaa haiko mbali, kwa hiyo gazeti hili liweke chini sasa hivi.

Lipo swali moja atakuuliza, najua, wote huuliza: "Mama, kwa nini?" Usimtaje muuza viatu. Usimtaje mteja. Usimwambie habari ya uchungu wa uzazi. Mwambie, "Nilimwonea wivu." Halafu, dada yangu, kwa mara moja tu katika maisha yako, nyamaza mpaka amalize kusema.