Mchele wa Mheshimiwa

Biryogo, Kigali, 1 Machi 1993

Mwanangu Mugeni,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti linanisumbua. Shangazi yako na watu wa Buyenzi hawajambo?

Bado sielewi. Umeondoka bila kuniaga, ukaacha kazi ya kupiga chapa kwa mbunge, kazi ambayo nusu ya wasichana wa mtaa huu wanaililia. Na Mheshimiwa Silvère hana kinyongo. Jana Nkusi, dereva wa ofisi, ameleta gunia la mchele na bahasha. Nikajua ni futari, kama wakubwa wengine wanavyowatumia wafanyakazi wao. Nikatia sahihi karatasi yake ya Kifaransa, nikawaalika majirani. Umekosana na nani?

Mama yako

Buyenzi, Bujumbura, 12 Machi 1993

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Pole na goti, shangazi anakusalimu.

Mama, umetia sahihi nini? Niliona haya kukuambia. Mheshimiwa alifunga mlango kwa ufunguo, mimi nikiwa ndani, akanishika. Nilipigana naye nikatoka na kiatu kimoja. Nilipolalamika, mkuu wa ofisi akasema ofisi itanipa kitu ninyamaze. Nikakataa. Mkono ni wake, kwa nini ilipe serikali? Hela hiyo ni ushuru wako wa sokoni. Nilitaka atoe yeye, mfukoni mwake, kwa jina lake. Asipoumia, kesho atamfungia mwingine.

Labda karatasi hiyo inasema tumesamehe. Nakulaumu, halafu nalia kwa kukulaumu.

Mwanao

Buyenzi, 2 Aprili 1993

Mama,

Hujambo? Idi imepita na sijapata hata mstari. Umenikasirikia?

Mwanao

Biryogo, 9 Aprili 1993

Mwanangu,

Mimi mzima, goti limezidi na sababu utaiona. Sikukasirika, niliona aibu. Mchele umeliwa, na mimi nilirudia sahani.

Nimeuza kitenge changu cha Idi, nikanunua gunia jingine. Bahasha sikuwa nimeifungua. Nkusi akanipeleka Rebero, nyumbani kwa Mheshimiwa. Alikuwa barazani na mke wake. Akasema, "Mama, hii iko ya ofisi. Ofisi imelipa, affaire imekwisha."

Nikamuuliza, "Ni ofisi ilifunga mlango?"

Mke wake akageuka. "Mlango gani?"

Nikaacha gunia na bahasha pale, nikarudi kwa miguu.

Jana Mheshimiwa amekuja. Gari haliingii kwenye vichochoro vyetu na Nkusi amekataa kubeba, basi gunia amelibeba mwenyewe, majirani wakitazama. Anasema sasa ni la mfukoni mwake. Ni toba au anamwogopa mke wake, sijui. Alikuwa na karatasi nyingine, niitie sahihi. Nikamwambia aandike yeye kwanza, kwa Kiswahili, alichokufanyia. Kalamu ameishika mpaka adhana ya adhuhuri, akaondoka hajaandika neno.

Gunia liko mlangoni, wageni wanaliruka. Niliingize au nilirudishe? Kichwa changu kimevurugika. Njoo uniambie wewe, maana safari hii mimi sitii sahihi.

Mama yako