Mafuta ya Nazi Ndani ya Jenereta

Moroni, Jumapili asubuhi

Dada yangu Zahara,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, na nakula nikashiba. Goti la mama linaendeleaje? Na wewe, umepata usingizi tangu bunduki zinyamaze? Huku redio ikitaja Nzuani tu, mimi husimamisha kazi, hata mteja akinuna.

Barua yako nimeipata kwa yule abiria aliyepitia kisiwa cha Mwali. Unasema jenereta imekufa, asubuhi kamba haivutiki kabisa, na jirani Bakari anaitaka kwa bei ya chuma chakavu. Dada, usimuuzie! Bila jenereta hakuna friji, na bila friji hakuna barafu. Tangu bandari ya Mutsamudu ifungwe, barafu yako ndiyo inayowalisha wote humo ndani.

Sasa sikiliza. Juzi niliitwa Mvouni, kule juu kwenye baridi, kwa bibi mmoja wanayemwita Koko Echati. Jenereta yake ilikuwa na ugonjwa huohuo. Aliposikia lafudhi yangu akaguna: "Wewe mtu wa Nzuani. Mmeshajitenga na sisi, mashine zetu mnazitakia nini?"

"Koko," nikamwambia, "waliojitenga hawakuniuliza. Nipe mwanga nifanye kazi."

Akacheka mpaka akakohoa, akaniletea na chai.

Nilifungua nati ya chini nimwage oili, halikutoka hata tone. Nikaingiza kijiti, kikatoka na kitu cheupe, kizito, chenye harufu ya jikoni. Mafuta ya nazi! Oili imeadimika, naye akamimina yale anayojipaka nywele. Mchana mashine ilikwenda vizuri, ila kwa baridi ya alfajiri mafuta yakaganda, yakaikaba.

Nilikumbuka nilivyokwambia siku naondoka: "Ukikosa oili, tia chochote chenye utelezi." Najua ulitia nini, dada, na kosa ni langu mimi niliyejiita fundi. Nisamehe.

Fanya hivi. Iache juani mpaka adhuhuri. Chomoa plagi, vuta kamba polepole. Ikisogea, mashine iko hai. Fungua nati ya chini, iinamishe, mwaga yote. Suuza kwa dizeli kidogo, mwaga tena, kaza nati. Kisha tia oili aliyokuletea mama huyu abiria niliyempa barua hii, rudisha plagi, ndipo uwashe. Ya Koko Echati ilishika mvuto wa tatu, akapiga vigelegele peke yake uani. Leo Mvouni nzima inaniita.

Mbusu mama mkono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na binti yako mwambie mjomba hajamsahau. Bakari naye msalimie, asinune.

Ikigoma vilevile, usiiuze. Njia itafunguka, inshallah, nitakuja mwenyewe na spana zangu, nami nataka niikute nyumbani.

Ndugu yako aliyekuponza,
Saidi