Koko, Sikukuambia Usimame

Koko wangu, bibi yangu,

Shule imefunguliwa, na sasa niko kidato cha tatu. Mama ameshona sare za watu mpaka vidole vimeota sugu. Kitanda chako sasa analalia mdogo wangu Neema, lakini anajibana upande wa ukutani tu, kama mlipokuwa mnalala pamoja.

Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo sijamwambia mtu.

Ulipoanguka bombani ukavunjika nyonga, tulikupeleka Lilongwe mimi na Mama, kwa kuwa tangu tutoke Kongo tukaja huku Malawi, nyumbani mimi ndiye ninayejua Kichewa. Ulijivuna sana. Wodi nzima uliiambia, "Uyu njo mukalimani wangu." Wakakupasua, wakaunga mfupa kwa chuma. Kesho yake asubuhi akaja mwalimu wa mazoezi, kijana mwenye miwani. Alisema lazima usimame siku ile ile, ingawa utaumia, na kila mlo ule ukiwa umekaa kitini, kwa sababu mzee akilala sana kifua hujaa na damu huganda miguuni. Nilimsikia vizuri. Nilielewa kila neno.

Lakini ulikuwa unalia. Na kwetu mtoto hamwamuru koko wake, hata kama maneno si yake. Nikakuambia, "Anasema upumzike kwanza, ukipata nguvu utajaribu." Mama akashukuru. Kina mama wa kanisa walipokuja walikulisha uji kwa kijiko, wakakufunika, hawakutaka hata ujigeuze. Yule kijana alirudi mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia umekataa.

Hukukataa, Koko. Hukuulizwa.

Wiki ya pili kifua kikaanza kukubana, na hukupona tena. Daktari alisema wengine hufariki hata wakisimama mapema. Ninajaribu kumwamini. Sitajua kamwe.

Halafu, miezi mitatu iliyopita, Koko Nabintu, rafiki yako wa kwaya, aliteleza mlangoni kwake. Nyonga vilevile. Binti yake akaja kuniomba nikawatafsirie hospitalini. Nilitafuta kisingizio, sikukipata, nikaenda.

Asubuhi baada ya upasuaji nilimshika mkono nikamwambia yote, pamoja na habari ya kuumia. Akanikazia macho. "We katoto, tangu lini unanikomanda?" Binti yake akaniuliza hiyo ni adabu ya wapi, nimwache mama yao apumzike. Nikasema, "Pardon, mama, maneno si yangu, lakini nitayasema tena." Nikayasema tena. Koko Nabintu akanitukana kwa Mashi, lugha ya kwao, akakitukana na kile chuma cha miguu minne cha kushikilia, kisha akashusha miguu chini.

Alisimama, Koko. Jasho lilimtoka. Akapiga hatua tatu, akizihesabu kwa sauti, akakaa kitini akadai chai.

Sasa anafika kanisani kwa fimbo, na mbele ya watu ananiita Komanda. Watu wanacheka, nami ninacheka, halafu ninamwona Mama amekaa peke yake kwenye benchi lenu, bado anaamini kwamba hukuwa na nguvu za kujaribu.

Kwa hiyo kesho baada ya ibada nitamwambia. Ataumia, na huenda akanikasirikia kwa muda mrefu. Ninakuahidi sitapunguza neno.

Kwaheri, Koko. Nisamehe.

Mjukuu wako,
Riziki