Chombo Kinasubiri Spea

Uani kwa Bi Hadija,
Kilangali, Kilosa,
Duniani.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua kwenye sayari yetu hatuna neno hili, lakini nimekaa na watu wa Dunia hadi siwezi kufungua mdomo mbele ya mkubwa bila kulitamka. Nawe itikia "marahaba", unifurahishe. Hujambo? Kifua je, kimetulia? Mimi mzima, tena nimenenepa, ila moyo haujatulia, na sababu utaiona huko mbele.

Umeniuliza mambo mawili: nakuja lini, na chombo nimekificha wapi hata picha zangu zote zina maua mekundu. Nianze na hilo la pili, maana la kwanza limeninyima usingizi.

Baba mdogo, aliyenifundisha kurusha chombo, alisisitiza kwamba anayechungulia sayari ya watu ajifiche nyuma ya mwezi wao. Mwambie huko ni baridi tupu na hakuna unachosikia. Nikateremka Mikumi, mbugani, nikajibanza kichakani nikidhani majirani zangu watakuwa wanyama tu. Kumbe! Chombo kina joto ubavuni, tembo wakalipenda, wakawa wanakuja kujikuna. Sasa, palipo na tembo hapakosi magari ya watalii, na watalii hawakosi kamera. Nusura nianikwe hadharani. Mvua kubwa ilipokuja nikaondoka humo humo kwenye mvua, nimetahayari kweli.

Nikatua nyuma ya karakana ya shamba moja la umma huku Kilangali, katikati ya matrekta mabovu yaliyoota majani. Asubuhi akaja mlinzi, Mzee Saidi. Roho mkononi! Akakizunguka chombo, akakigonga kwa fimbo, akauliza, "Na hii nayo ina nini?" Nikasema neno nililokuwa nimelisikia redioni kwao: "Inasubiri spea."

"Ah! Poleni sana," akasema, akaenda zake kuota jua.

Basi, Mama, yakaishia hapo. Hakuna aliyeuliza tena. Mashine inayosubiri spea huku hakuna anayeishangaa, ipo tu, kuku wanatagia chini yake. Mimi wakaniita Fundi.

Mke wa Mzee Saidi ndiye Bi Hadija, aliyenipa chumba cha uani na kunilisha. Hakuniuliza kabila wala nilikotoka. Kwake mgeni anakula kwanza, habari zake atazitoa akipenda. Masika yalipoanza akaligundua lile joto la tembo. "Wallahi, Fundi, bati la mashine yako linakausha kuliko jua!" Tangu siku hiyo mpunga ukaanikwa juu, nguo ubavuni, na kanga yake nyekundu ya maua akaitundika sawasawa kwenye jicho la chombo, lile la kupigia picha. Hayo ndiyo maua yenu. Ningemwambiaje aitoe? Niseme inanizuia kuwachungulia?

Nikawa natazama kwa macho yangu mwenyewe. Siku hizi huku kila kitu ruksa. Maduka ya Kilosa mjini yaliyokuwa na rafu tupu yamejaa sabuni za kila rangi, na mitumba imemwagwa hadi karibu na reli. Lakini ruksa hiyo hiyo nusura inimalize. Shamba linauzwa kwa mtu binafsi, na vyuma chakavu vyote viondoke. Juzi akaja mnunuzi wa vyuma na vijana wake na mitungi ya gesi ya kukatia. Wakamaliza trekta la kwanza, wakaja kwangu. Mama, sina njia nyingine ya kukufikia. Nikakuona umekaa mlangoni unaningoja, unazeeka hapo hapo.

"Weee! Acha hiyo!"

Alikuwa Bi Hadija, na ungo wa mpunga. Akaumwaga wote juu ya chombo, akaegemea hapo. "Hii siyo chakavu. Ina mwenyewe, inasubiri spea."

Mnunuzi akacheka. "Bibi, spea gani hiyo isiyofika?"

"Mkiikata, mtoto wa watu atarudije kwao? Ana mama yake huyu!"

Mzee Saidi naye akaja kusimama kando ya mkewe na fimbo yake. Yule bwana akaona haya kuwasukuma wazee, akasema atarudi Jumatatu na meneja.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nina mama, wala kwamba nilikuja na kitu kile. Walipoondoka nikamuuliza Bi Hadija amejuaje.

"Fundi, anayesubiri spea huenda stesheni kuulizia. Wewe huendi. Jioni unakaa juu ya hiki kitu chako, unatazama mbinguni, unajifuta machozi. Nikasema, huyu kwao ni huko."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ungetaka kusema ungesema. Nenda kamwone mama yako kabla hawajarudi. Wakituuliza, tutawaambia spea imefika."

Nililia, Mama, bila aibu. Kwa hiyo jibu lako ni hili: nakuja. Kesho alfajiri mvua ikishika, naondoka. Amekufungia mchele, na anasema amenilea kwa kadiri alivyoweza, ukishashiba kuniona unirudishe.

Wakubwa walionituma waambie mapema wasitegemee picha. Nilitaka kumrudishia kanga yake akakataa, anasema ni yako. Nimeiacha palepale kwenye jicho. Watu hawa wamenijua siku zote na hawakunichungulia hata mara moja. Mimi nitawachunguliaje tena?

Nisalimie baba mdogo, na asikasirike kuhusu mwezi. Nisalimie dada anayekuuguza, na bibi mzaa baba, kama bado anagomba.

Bi Hadija yuko hapa anakunja nguo. Anasema, "Mwambie dada yangu aingie ndani akalale, mtoto yuko njiani."

Mwanao,
ambaye huku anaitwa Fundi